Chupa Iliyokaa Chini ya Benchi: Wasifu wa Marehemu Silvère Bigirimana

(Unasomwa na mdogo wake, Alida, siku ya maziko, Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, Kigali)

Padri, ndugu, majirani wa Gisozi, mafundi wa Agakiriro, na nyote mliopanda kilima hiki juani: poleni, na asanteni kwa kufika. Familia inawaomba mtulie kidogo, kwa sababu wasifu huu una sehemu ambayo si rahisi kuisoma wala kuisikia. Unasomwa kwa Kiswahili kwa kuwa marehemu mwenyewe alitaka hivyo. Alikuwa akisema Kinyarwanda ni cha mama yake na Kifaransa ni cha karatasi, ila Kiswahili ndicho alichopigia soga maisha yake yote, na mtu azikwe kwa lugha aliyochekea.

Silvère alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Bujumbura, mtoto wa tatu wa mzee Athanase Gasana na mama Verediana Kabagwira. Wazazi hao walikuwa wamevuka mpaka kutoka Rwanda miezi michache kabla, wakiwa na godoro moja, watoto wawili, na yeye tumboni. Alikulia mtaa wa Ngagara, lakini mama yake akimtafuta jioni alijua pa kwenda: Buyenzi, kwenye vibanda vya mafundi, ambako alijifunza Kiswahili kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha akaingia shule ya ufundi na kuhitimu useremala mwezi Juni 1980. Mikono yake ilikuwa hodari, hilo hakuna aliyelipinga. Mdomo wake nao ulikuwa hodari zaidi. Mwalimu wake alimwambia siku moja, "Bigirimana, ulimi wako ungekuwa randa, kazi ingekwisha na darasa zima lingekwenda kulala." Maneno hayo aliyasimulia mpaka uzeeni, kwa fahari, kama cheti cha pili.

Jumamosi tarehe 29 Agosti 1992 alifunga ndoa na Spès Mukagasana, palepale Bujumbura. Bi Spès, ambaye yuko mbele yenu hapa, ni mtu wa maneno machache, na watu walishangaa watakaaje pamoja. Walikaa vizuri. Yeye aliongea, mama huyu akasikiliza, na mama alipotaka jambo liishe alisema "Reka, Silvère," yaani acha, na jambo likaisha. Mungu aliwapa watoto wawili, Jean-Luc na Kirezi. Mwaka 1995 walihamia Kigali, nchi ya wazazi ambayo Silvère alikuwa hajawahi kuikanyaga, akafungua karakana ndogo Muhima.

Mwaka 2003 alipata mkataba wa kazi katika karakana ya samani huko Sherbrooke, Kanada, akakaa huko miaka saba. Huko ndiko yalikoanzia mambo ya shira. Jirani yake, bibi mmoja aitwaye Huguette, alikuwa na miti minne nyuma ya nyumba, ile miti ambayo jani lake liko kwenye bendera ya nchi yao. Theluji ikianza kuyeyuka, wakati usiku bado unaganda na mchana kuna jua, bibi yule alitoboa shina kwa keekee, akachomeka mrija mdogo wa chuma, akatundika ndoo. Maji ya mti yakadondoka, meupe kabisa, hayana rangi wala harufu. Akayamwaga kwenye sinia pana la bati juu ya moto wa nje, akayachemsha kutwa nzima mpaka yakawa mekundu na mazito. Ndoo nyingi ziliishia kuwa chupa moja. Silvère alimpigia simu mkewe akipiga kelele: "Spès! Huku wazungu wanakamua miti kama sisi tunavyokamua ng'ombe!" Mama aliwaambia majirani kwamba baridi imemfika mume wake kichwani.

Aliporudi mwaka 2010 alijenga nyumba Gisozi, na baadaye akapata banda pale Agakiriro, kwenye soko la mafundi. Wakongwe wa mtaa mnakumbuka alichokifanya kabla hata ya kupaka nyumba rangi. Alichukua keekee akautoboa mparachichi, akatundika ndoo, akakaa kwenye kigoda kuungoja. Mtaa mzima ulikwenda kutazama. Walioingia ndooni ni siafu tu. Akauhamia mgrevilea, ukampa tone moja la gundi. Mtu mwingine angeona haya akaacha. Yeye alicheka kuliko wote, akasema miti ya hapa haijaonja baridi, haina sababu ya kulia, na kwa hiyo atatumia migomba yake iliyoko nyuma ya nyumba.

Na kweli alifaulu. Ndizi alizivundika shimoni mpaka zikaiva, akazimenya, akazikanda kwa nyasi kama wanavyofanya wanaotengeneza pombe, akachuja maji yake mara mbili. Badala ya kuyaacha yachachuke, aliyamwaga kwenye sinia pana ambalo wachomeleaji wa Agakiriro walimtengenezea kwa mfano wa lile la bibi Huguette. Akachemsha, akiengua povu. Povu lilipotaka kufurika alitia samli kiasi cha ncha ya kisu, likatulia. Alijua shira imeiva pale ilipodondoka kutoka kwenye mwiko ikiwa pana kama kitambaa, badala ya matone. Akaijaza chupani ikiwa bado ya moto, akaziba kwa nta ya nyuki. Hapa hakuna mtu wa mtaa wetu ambaye hajawahi kuila hiyo shira kwa mkate, kwa uji au kwa viazi vitamu.

Lakini maneno aliyoiuzia ndiyo yaliyokuja kumfunga. Alisema sukari ya mmea si sukari ya dukani. Alisema anayekula shira yake hataumwa ugonjwa wa sukari, piga ua. Rafiki yake mkubwa na jirani yake, fundi Mugabo, tayari alikuwa na kisukari na alikunywa chai kavu, isiyo na sukari. Silvère alimtania kila mahali, kazini, kwenye kazi za pamoja za umuganda, hata msibani. "Mpeni Mugabo maji ya moto, huyo mwenzenu ni mgonjwa wa kujitakia!" Watu walicheka. Mugabo naye alicheka, kwa sababu ukitaniwa na rafiki mbele za watu utafanya nini kingine?

Mwezi Juni 2022 Silvère alianza kukonda na kunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa. Kidonda cha patasi kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona. Jumatano tarehe 8 alikwenda kliniki moja ya Muhima bila kumwambia mtu, na akatoka na jibu. Daktari alimkaripia sana. Kuhusu shira alimwambia asiiguse hata kwa ulimi.

Alifika nyumbani akamwita mkewe chumbani. Bi Spès anasema hakumwona mumewe akikosa maneno hata siku moja, isipokuwa siku ile. Alikaa kitandani, kofia mkononi, mwisho akasema, "Nimepata ya Mugabo."

"Basi nenda kwa Mugabo," mama akamwambia. "Yeye amekwisha kuyajua hayo mambo. Atakuonyesha."

"Nikaseme nini? Mimi? Baada ya yale yote? Atacheka mpaka wasikie Kabuga."

Akamwapisha asimwambie mtu, hata watoto. Mama akaapa.

Jumapili ya wiki ileile, tarehe 12 Juni, Mugabo alikuwa akimpa jina mjukuu wake wa kwanza, Kenny. Silvère alikuwa ameahidi shira tangu mtoto yuko tumboni, akaenda na chupa kubwa kuliko zote. Wageni mliotoka mbali mtusamehe tukiwaeleza jambo ambalo kwetu mtoto analijua kabla ya kujua kusoma: anayeleta kinywaji au kitu cha kunywesha watu huonja kwanza yeye mwenyewe, mbele za watu, ndipo hupokelewa. Ni kuwaonyesha kwamba hakuna sumu. Siku zote Silvère alionja kwa mbwembwe, akilamba midomo.

Siku ile Mugabo alifungua chupa, akamimina kidogo kwenye kijiko, akampa. "Haya sha, mzee, onja tumpe mtoto."

Silvère alikitazama kile kijiko. "Leo pokeeni tu," akasema.

Watu walidhani ni mzaha wake. "Onja bwana!" wakasema.

"Nimesema pokeeni."

Bi Spès, aliyekuwa amekaa na akina mama, alinyanyuka akanyoosha mkono. "Nipe mimi nitamwonjea." Silvère akaushusha mkono wa mkewe mbele ya watu wote. Alihofia kwamba mkewe akionja, mtu atauliza kwa nini mume haonji, na jibu ni moja tu. Tone moja lisingemdhuru. Wengi wenu mnajiuliza hivyo sasa hivi, na mama alimwuliza vilevile wakiwa njiani kurudi nyumbani. Akajibu kwamba aliogopa, daktari alimtisha, na macho ya Mugabo yalikuwa yanamtazama.

Mugabo alirudisha shira ya kijikoni ndani ya chupa, akaifunga, akaisukuma chini ya benchi. Mama wa mtoto akamchukua Kenny akaingia naye ndani.

Kuanzia wiki ile mtaa ulimjua Silvère kuwa ni mtu wa sumu. Tunalisema hivyo hivyo lilivyo kwa sababu ndivyo lilivyosemwa. Kwenye umuganda, akipita na jagi la maji, watu walifunika vikombe vyao kwa viganja. Juisi ya ndizi aliyoipeleka Bi Spès kwa wanakwaya ilirudi jinsi ilivyokwenda. Watoto waliokuwa wakigombania kukwangua sinia la shira wakafundishwa kupita upande wa pili wa barabara. Yeye, ambaye angezungumza hata na mlango, akaanza kwenda kazini alfajiri ili asikutane na mtu. Sinia lake likashika kutu likiegemea ukuta wa choo.

Mwaka jana kijana mmoja wa watu wazuri alitaka kumposa Kirezi. Wajomba zake walikuja kuulizia familia mtaani, kama desturi ilivyo. Wakauliza kwenye nyumba kama tatu hivi, na hawakurudi tena. Kirezi alilia, na baba yake alimsikia akilia. Jioni ile Bi Spès alimpigia magoti mume wake, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu ndoa.

"Silvère, ni neno moja tu. Sema unaumwa. Mtoto wako anaozea nyumbani kwa ajili ya neno moja."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nitasema, Spès. Niache nijiandae."

Hakusema. Familia haitamtetea kwa hilo. Alikuwa baba mwema, na pale alikosea, na yeye mwenyewe alijua, kwa sababu tangu siku hiyo hakuweza kumtazama Kirezi usoni hata akimpa sahani.

Aya zinazofuata zimeandikwa kwa ombi la Mugabo, aliyetaka jina lake liwekwe.

Jumatano hii mchana, ibada ikiwa imekwisha pale nyumbani, Mugabo aliingia uani akiwa amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Waombolezaji wakageuka kumtazama, maana alikuwa hajaingia ua ule tangu siku ya mjukuu wake. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa Bi Spès mkekani, akapiga goti, akafungua gazeti. Ilikuwa ile chupa. Alikuwa ameiziba upya kwa nta.

"Mama Jean-Luc, hii iko ya mzee," akasema. "Hakuna mtu aliiguza."

"Uliiweka ya nini, Mugabo?"

"Kuitupa niliogopa. Kuinywa niliogopa. Kuirudisha niliona haya."

Kisha akaeleza. Mwanzoni mwa mwaka 2023 alikwenda kliniki yake ya kisukari, Muhima, kama kawaida, akamkuta Silvère amekaa kwenye foleni, kadi ya mgonjwa mkononi, kadi ya rangi ileile kama ya kwake. Silvère aliificha kadi ndani ya koti. "Nimemsindikiza mtu," akasema. Mugabo akajibu, "Sawa mzee, apone haraka," akaketi benchi la mwisho na kugeukia ukuta.

"Pale pale nilijua," Mugabo akasema pale mkekani. "Nilijua kwa nini hakuonja. Ningetoka pale nikasema mtaani, mambo yangeisha. Lakini maneno yalianza kwangu, mama. Mimi ndiye nilimwambia mke wangu, mke wangu akaambia wengine. Niseme nini? Kwamba nimempaka mwenzangu matope kwa ugonjwa ambao hata mimi ninao? Nikanyamaza. Nikasema atasema mwenyewe."

Bi Spès alimwacha amalize, kisha akamweleza jambo ambalo Mugabo hakulijua. Baada ya siku ile ya foleni Silvère hakukanyaga tena kliniki. Alisema hawezi kukutana na Mugabo pale mara ya pili. Dawa alizinunua alipokumbuka, pengine za nusu mwezi, pengine asinunue kabisa. Mwaka jana mwezi Septemba kidole cha mguu kilikatwa, akawaambia mafundi kwamba mashine ya randa ilimwangukia. Mwezi Juni mwaka huu figo zikaanza kumkataa. Alilazwa hospitali moja ya hapa mjini tarehe 19 Oktoba, na Jumanne tarehe 4 Novemba, asubuhi, akaaga dunia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bi Spès. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Mugabo alikaa chini, pale pale mavumbini, na hakujua aufiche wapi uso wake.

"Nyinyi wawili," mama akamwambia. "Ugonjwa mmoja, njia moja, kazi moja. Huyu anamwogopa yule, yule anamwogopa huyu. Mngekunywa chai kavu pamoja, basi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa na mdomo. Nilinyamaza kwa sababu ya kiapo."

Jean-Luc hakutaka haya yasomwe. Alisema baba ameaibika vya kutosha, tusimwaibishe tena juu ya kaburi lake, tuseme tu aliugua muda mrefu, inatosha. Ilitaka kuwa ugomvi. Kirezi ndiye aliyemjibu kaka yake: "Mimi nimeishi kama mtoto wa mtu wa sumu. Nataka kutoka makaburini nikiwa mtoto wa mtu aliyeumwa." Mama akasema aibu ile mume wake ameibeba peke yake mpaka imemmaliza, na kwamba hatamzika pamoja nayo. Basi ikaandikwa, na imesomwa. Mugabo yuko pale, amesimama nyuma ya mafundi wenzake. Aliahidi atasimama, na amesimama.

Silvère hakuwahi kumpa mtu sumu. Alikuwa na kisukari na aliona haya kusema. Huo ndio ukweli wote, na ni mdogo kuliko jeneza hili.

Marehemu ameacha mjane, Bi Spès Mukagasana; watoto wawili, Jean-Luc na Kirezi; mdogo wake mmoja, Alida; rafiki mmoja, Mugabo; migomba ambayo hajaikata mtu; na sinia la shira ambalo Jean-Luc amelisugua jana mpaka likang'aa.

Tukitoka hapa tutarudi wote nyumbani Gisozi kunawa mikono, kama desturi. Ile chupa iko mezani. Imeganda sukari kidogo chini, lakini mama ameinusa na anasema haijaharibika. Mwenye kuileta sasa ni Mugabo, na yeye haruhusiwi kuonja, kwa hiyo atasimama aseme sababu mbele ya watu, kwa mdomo wake, kisha Bi Spès ataonja kwa niaba yake, mkono ambao safari hii hakuna atakayeushusha. Kijiko cha pili ni cha Kenny, maana shira ilikuwa yake tangu mwanzo. Halafu kijiko kitapita kwa kila mtu. Mwenye kisukari aseme tu "nina kisukari," ampe jirani yake.

Pumzika sasa, Silvère. Hakuna tena anayekuambia uonje.